Mtoto Hakandwi Chumbani

Juzi asubuhi, nikiwa na kikombe cha pili cha chai na sijui hata wiki hii niandike nini, binti yangu alinipigia simu. Hakuniamkia, na yeye si mtu wa kusahau shikamoo. "Mama, bibi hatunaye," alisema, nikawa nasikia cherehani za wenzake zikiendelea kulia nyuma yake. Sikuuliza bibi yupi. Katika ukoo wetu mabibi ni wengi, wa Lindi upande wa mume wangu na wa Kilimanjaro upande wangu, lakini anayeitwa bibi tu, bila kuongezewa neno, ni mmoja, na hatukuwa na undugu wa damu naye hata kidogo. Nikamwambia nakuja. Nilipoiweka simu mezani nilikaa kwanza, na kilichonijia kabla ya huzuni kilikuwa aibu. Leo nitawaeleza ni aibu gani, na naomba mnivumilie, maana si jambo nililozoea kulisema.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnanijua kuliko majirani zangu. Mnajua nilivyogombana na fundi bomba, mnajua presha yangu, mnajua mume wangu anavyokoroma mpaka paka anahama chumba. Mnajua pia nina binti mshonaji kule Mchafukoge, kwa sababu nimemtaja mara nyingi: mkali wa bei, hapendi kuharakishwa, akicheka anacheka mpaka machozi. Lakini juzi nilizipitia kichwani safu zangu za miaka yote hii, na sikuona hata moja nilimowaambia kwamba binti huyo anatembea kwa magongo. Sikuwahi kudanganya. Nilikuwa naruka tu, na mtu anayeruka jambo lile lile mwaka baada ya mwaka anajua vizuri anachokiruka. Marehemu angenicheka, halafu angenikasirikia, na yote mawili yangekuwa halali yake.

Marehemu alikuwa akiuza nazi soko la Kariakoo. Wakati ninaousimulia, miaka ile ya Ujamaa, hakuwa mzee bado. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ya kukwaruza, na watu walimwita bibi kwa sababu ya kazi yake ya pili. Nazi zilizopasuka hakuzitupa. Alizikuna jioni, akachemsha tui mpaka mafuta yakaelea juu, akayajaza kwenye chupa, na asubuhi kabla ya kwenda sokoni alipita kwenye nyumba za watu kukanda watoto. Mkumbuke hali ilivyokuwa. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na mtu aliyechoka kusimama mbele ya duka la ushirika aliacha jiwe au ndala yake imshikie nafasi. Katika mji uliokuwa hivyo, yeye alikuwa na mafuta safi ya nazi, na alikuwa anayamimina kwenye miguu ya mtoto asiyejua hata kukaa. Wapo waliosema wazi, tena kwa sauti ya kusikika, "Mafuta yote hayo anapakwa kilema!" Yeye alikuwa akijibu kwamba kaangeni basi dagaa kwa maneno.

Kukanda si jambo geni kwetu. Pwani yote mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na mtoto mchanga hunyooshwa mikono na miguu kila anapoogeshwa. Yeye aliendelea pale ambapo wengine waliishia. Alichukua wale waliopitisha wakati wa kukaa na hawajakaa, wenye ngumi zisizofunguka, wenye miguu inayopishana kila ukijaribu kuwasimamisha. Alianzia nyonga, akashuka na paja polepole mpaka kwenye kifundo, akafungua kidole kimoja kimoja, akaviringisha kanga na kuiweka chini ya kifua ili mtoto alazimike kuinua shingo kutazama dunia. Mkono wake haukuwa peke yake kamwe. Mikono ya mama ilikuwa chini, yake juu, akiisukuma, kwa sababu alisema yeye ana meza sokoni na mtoto ana mama nyumbani. Na alikuwa na sharti jingine, ambalo ndilo lililowashinda wengi: hakumkanda mtoto ndani. Alimkandia uani, jua likishafika kwenye ukuta wa choo, mtoto akiwa na nepi tu.

Aliyeishi katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo anaelewa uzito wa sharti hilo. Vyumba sita, korido moja, familia sita, na nyuma uani ndiko kuliko bomba, choo, majiko na kamba za nguo. Hakuna anayefika jioni bila kupita uani mara kadhaa, na hakuna anayepita bila kutazama. Mjumbe wa nyumba kumi akija kuulizia jambo, anakuja uani. Mwenye nyumba akija kudai, anakuja uani. Kumtandikia mtoto mkeka pale ni kumtandikia mbele ya mtaa mzima.

Nami nilikuwa na sababu ya kuuogopa mtaa. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, mume wangu akifanya kazi ya kufunga na kufungua kamba kwenye pantoni pale Magogoni, na mwanetu wa kwanza, binti huyu huyu, alikuwa hakazi shingo. Tulisubiri. Akakaza shingo, hakukaa. Tukasubiri tena. Siku moja, tukifua, mwenzangu wa chumba cha pili aliniambia kwa huruma ya kweli kabisa, "Pole, mwenzangu. Mtoto kabemendwa huyo." Mimi mtoto wa mlimani nikadhani ni jina la ugonjwa, mfano wa surua, nikafurahi hata kwamba una jina. Nikaenda nalo kazini nikamuuliza mama aliyekaa mashine ya jirani. Aliacha kupiga chapa, akainama, akanieleza kwa kunong'ona kwamba mzazi anayenyonyesha ana mwiko wake, na akitoka nje ya ndoa, joto la huko analirudisha kwa mtoto, na ndiyo maana mifupa haikazi. Nilirudi kwenye mashine yangu na sikuweza kuandika hata mstari mmoja ulionyooka. Kwa hiyo kila aliyemwona mwanangu hajasimama alikuwa amekwisha jua, au anadhani amejua, mimi nimelala wapi.

Kuanzia hapo nilifanya mambo mawili, na wanawake wenzangu wengi wanayajua bila kufundishwa. La kwanza, nilimfungia. Msichana aliyenisaidia kazi nilimkataza kumtoa chumbani, na hata Jumapili nilimbeba mgongoni nimemfunika mpaka kichwani, nikijifanya amelala. La pili, nilimpunguza umri. Nikiulizwa nilisema ana miezi minane. Mwanangu alikuwa na miezi minane kwa muda mrefu sana. Alipita Ramadhani na miezi minane, akapita masika na miezi minane, na mimi nilishaanza kuuamini uongo wangu kiasi kwamba nilimshangaa kwa kuwa mzito.

Ndipo nikaenda kwenye meza ya nazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikachagua nazi moja nikaitikisa sikioni kwa muda mrefu kuliko nazi yoyote inavyohitaji. Nikamwambia kuna mwenzangu kazini ana mtoto wa namna fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mwenzako nitapita kesho asubuhi," alisema. "Halafu nielekeze kwake, au ni kwako huko huko?" Nikamwelekeza kwangu. Kesho yake alipiga hodi mapema, akanikuta nimetandika mkeka chumbani kati ya kitanda na kabati, dirisha nimelishushia pazia. Hakuvua hata viatu.

"Mtoto hakandwi chumbani," alisema.

"Bibi, nje kuna watu."

"Ndiyo maana. Tunayemfungia mlango tukimshika ni maiti, mwanangu. Huyu yu hai. Toa mkeka."

Sijui niliutoaje. Nakumbuka korido ilivyokuwa ndefu, nakumbuka maji ya bomba yakiendelea kujaza ndoo iliyokwisha jaa kwa sababu mwenye ndoo alikuwa ananitazama. Nilimlaza mwanangu juani kwa mara ya kwanza na miguu yake myembamba ikapishana pale mbele ya watu wote, na nilijisikia kana kwamba mimi ndiye niliyevuliwa nguo. Marehemu alimimina mafuta viganjani, akamwingizia mtoto kidole mdomoni akicheza naye, akauliza, "Ana umri gani?" Nikasema miezi minane. Mtoto wakati huo alikuwa ameng'ata kidole kile kwa meno ya juu na ya chini. Marehemu alinitazama, akamtazama mtoto, akashusha sauti ili nisikie mimi tu. "Sawa," alisema. "Tutaanza na miezi minane. Ukikumbuka umri wake utaniambia."

Na kweli alianza na miezi minane. Alimgeuza kama anavyogeuzwa mtoto mdogo, alimlaza kifudifudi, alimpa kijiko cha kushika. Kila asubuhi niliona kabisa kwamba kazi hii ni ndogo kuliko mwanangu, na kila asubuhi ulimi wangu ulikuwa mzito. Kusema umri ilikuwa ni kuwapa wale wanawake wa bombani hesabu waliyokuwa wanaitafuta. Nikanyamaza, na mtoto akawa analipa.

Kisha akaja shangazi wa mume wangu kutoka Lindi. Habari zilimfikia, sijui kwa nani, na hakuja kututembelea. Alikuja na jambo. Alikaa siku ya kwanza akila na kuulizia wazima na wagonjwa, siku ya pili akamwita mume wangu barazani wakazungumza mpaka chai ikapoa. Usiku huo mume wangu alilala akiuelekea ukuta, na usiku uliofuata pia, nami nikaelewa bila kuambiwa. Shangazi alitaka nimtaje mwanamume. Mila, kwa alivyoijua yeye, ilikuwa rahisi: mama anataja, mtoto anaogeshwa dawa, mambo yanasahauliwa. Nisipotaja angemchukua mtoto aende naye Lindi, na huko angekaa kwa watu ambao wangemtibu kosa ambalo halikuwepo, ndani ya chumba, mlango umefungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, ugenini, na mume wangu hanitazami usoni.

Nawaambia jambo ambalo limenikaa rohoni tangu siku zile. Wapo waliotaja. Nilisikia baadaye, kwa vinywa vyao wenyewe, wanawake wawili watatu wa mitaa ile waliotaja majina ya wanaume ambao hawakuwahi hata kuwashika mkono, kwa sababu waliambiwa mtoto atapona. Walijichafua wenyewe ili miguu ya mtoto ikaze, na haikukaza. Sijui aibu hiyo inapaswa kukaa kwa nani, ila najua haikukaa inapostahili.

Asubuhi ya kuondoka kwake shangazi alinifuata uani. Marehemu alikuwa amekwisha fika, mikono yangu ilikuwa kwenye mapaja ya mtoto na yake juu ya yangu. Shangazi alisimama karibu na majiko, mkoba wake umefungwa, akasema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kwangu peke yangu, "Mtaje tu, mwanangu. Sisi si watu wa kufukuza mtu. Mtaje, mtoto apone." Marehemu hakuacha kukanda. Aliuliza, bila kuinua kichwa, "Baba yake yuko wapi?"

Baba yake alikuwa mlangoni mwa korido, amevaa sare ya kivuko, anatafuta namna ya kupita bila kuonekana.

"Njoo ukae hapa, baba."

"Bibi, nawahi zamu."

"Pantoni ikiondoka itarudi. Kaa."

Akakaa, nusu ameinuka. Marehemu alimshika mikono yote miwili, mikono ya kamba, imepasuka mpaka kwenye vifundo, akaimiminia mafuta mengi kuliko aliyokuwa akinipa mimi. "Wanasema mtoto huyu ameharibiwa na joto la mtu wa nje," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya sokoni, ya kuita wateja. "Mimi sijui, sikuwepo. Ila kama joto ndilo lililomharibu, haya, mpe la kwako."

Katika nyumba ile mwanamume hakuwahi kuonekana ameshika mtoto mchanga uani, sembuse kumkanda. Shangazi alisema, "Makubwa! Mwanaume anakanda mtoto!" na mume wangu alisikia, nikamwona masikio yanamwiva. Niliona pia kwamba anaweza kuinuka, na kwamba akiinuka mwanangu anakwenda Lindi na mimi nabaki na jina ambalo halitafutika. Aliweka mikono yake kwenye nyonga za mtoto. Alishusha paja moja, akashusha la pili, taratibu kuliko mimi, kama anayeogopa kuumiza, na alikuwa amefika magotini mtoto alipomkojolea sare yote. Mtu mmoja alicheka bombani, kisha wote, kisha yeye mwenyewe. Hakuinuka. Alifuta kwa mkono wa shati akaendelea, na baada ya muda akauliza, macho yakiwa kwenye mguu wa mtoto, "Bibi, nisukume mpaka wapi?" Kisha akageukia upande wangu kidogo, si sana, akasema, "Nimekukosea." Alisema kwa sauti ya chini, lakini uani hakuna sauti ya chini.

Hapo ulimi wangu ulilegea. "Bibi," nikasema, "ana mwaka mmoja na nusu. Umepita." Nilisema mbele ya shangazi, mbele ya bomba, mbele ya wote. Marehemu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ehee," alisema. "Sasa tumepata mtoto. Nani ana kinu hapa?" Mwenzangu wa chumba cha pili, yule yule wa pole, alikuja na kinu chake, marehemu akakipindua, akamsimamisha mwanangu amekikumbatia, baba yake akimshika kiuno. Alisimama kwa muda wa kupumua mara chache. Shangazi alitazama, akauinua mkoba wake, akaenda zake kituoni bila mtoto na bila kuaga.

Nisije nikawadanganya kwamba muujiza ulitokea. Binti yangu hakupata kukimbia. Marehemu hakuwa mchawi wala hakujifanya daktari. Siku nesi wa zahanati alipomwambia kwamba anavuta miguu ile kwa haraka mno, na kwamba ikivutwa hivyo inazidi kukakamaa, alikasirika njia nzima ya kurudi, kisha kesho yake akaanza kuvuta polepole na hakurudi nyuma. Alichimba shimo uani, mwenye nyumba akalalamika, akamsimamisha mtoto humo mchanga ukimfika mapajani, na watoto wenzake wakawa wanamzunguka wakicheza naye, maana sasa walikuwa wanamjua. Mume wangu alimkanda kila alipokuwa na zamu ya mchana. Mwanetu alikaa, akatambaa, akasimama kwa kinu, na alipofika umri wa shule fundi seremala wa mtaa wa Gerezani alimchongea magongo, akaingia darasani kwa miguu yake na miti yake. Miezi ile niliyomnyima kwa kumwita mdogo sijui ingempa nini. Labda kitu, labda si kitu. Sitajua, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri mpaka leo.

Nimekuwa nikiifikiria miaka ile. Ilikuwa miaka ya mikutano, na katika mikutano tuliitana ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu mpiga chapa. Tuliambiwa nchi inajengwa kwa mikono na miguu yetu, nasi tuliamini, na bado naamini mengi ya yale. Lakini ndugu aliyekuwa na miguu isiyoweza kujenga tulimwacha nyuma ya kabati, pazia limeshushwa, tukaenda mkutanoni kupiga makofi. Hakuna aliyetuamuru tufanye hivyo. Tulifanya wenyewe, kwa kuogopa macho ya watu ambao nao walikuwa na wa kwao nyuma ya kabati. Marehemu hakuhutubia hata siku moja, na sidhani kama alipenda mikutano, maana ilimharibia soko. Yeye alitaka tu mkeka utoke nje. Siku hizi kuna wataalamu waliosomea, kuna mipira mikubwa ya mazoezi na vyumba vyenye vioo, na ni jambo jema sana. Lakini naona pia nyumba zenye kuta ndefu kuliko zile za Kariakoo, na neno kubemenda bado nalisikia, hata kwa watu wenye magari.

Basi tulikwenda msibani. Mazishi yalikuwa alasiri ile ile. Wanaume walikwenda makaburini, sisi tukabaki ndani kwenye mikeka. Binti yangu alikaa karibu na mlango, magongo yake ameyaegemeza ukutani. Mama mmoja aliyekuwa na meza ya viungo jirani na marehemu alianza kumsifu, na alisema vizuri, watu wakilia, mpaka akafika mahali akasema, "Hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake asitembee. Hakuna!" Wote wakaitikia. Nami nikayaona yale magongo pale ukutani, nikaona wageni watakaoyaona, na kabla sijajua ninachofanya mguu wangu ulikuwa umenyooka unayasukuma nyuma ya mlango. Mimi, mwandishi wenu, mama mtu mzima, katika msiba wa mwanamke yule. Binti yangu aliinama sikioni kwangu. "Yaache, mama," alisema. "Yataanguka." Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Nilikuwa sijapata pa kuficha uso alipoingia msichana mmoja, mama mdogo, mtoto mgongoni, na juu ya mbeleko ameongeza kanga ya pili iliyomfunika mtoto mpaka kichwani katika joto lile. Alisimama akatutazama. "Samahanini," alisema. "Nimeelekezwa kuna bibi anakanda watoto. Sikujua kama kuna msiba." Watu waliinamisha vichwa, na yeye akageuka kuondoka. Binti yangu alimwita. Lazima niseme kwamba kwa miaka mingi, siku ambazo hakuwa na nguo za watu, binti yangu alikuwa akienda kukaa kwenye mkeka wa marehemu, na mikono yake ilijifunza mambo ambayo mimi sikuyauliza.

"Dada, karibu ukae. Mvue hiyo kanga, joto. Mlete hapa."

"Hapa hapa? Kuna watu."

"Ndiyo maana."

Msichana alisita, akakaa, akamshusha mtoto. Alikuwa mvulana mwenye macho makubwa, miguu yake mirefu imepishana, na mdomo wazi umejaa meno. Binti yangu alimshika nyayo. "Ana umri gani?" aliuliza. Yule mama alitutazama sote, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi, na niliijua ile sura kwa sababu nimewahi kuivaa. "Miezi minane," alisema.

Hakuna aliyecheka. Nimeishi muda mrefu na hili ndilo ninaloweza kuwaachia ninyi wenye watoto: aibu tunadhani ni yetu sisi wakubwa, lakini muda inaoula ni wa mtoto. Binti yangu alimfuta mtoto jasho shingoni. "Sawa," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na mama yule na mimi tu. "Tutaanza na miezi minane. Ukikumbuka umri wake utaniambia." Kisha akageuka. "Mama, mtoto anayatazama magongo. Yalete hapa ayashike."

Nikaenda nyuma ya mlango nikayatoa, nikayaleta katikati ya mkeka, mbele ya watu wote.